Barua Tatu, Mkono Mmoja

Ukimwuliza Maman Rolande wa ghorofa ya tatu, atakuambia kwamba Élisée, yule kijana mpole wa kwaya anayepiga gitaa la besi huku amefumba macho, ameposa wasichana wanne wa Brussels ndani ya miaka miwili, kila mmoja kwa jina lingine. Atakuambia alianza na binti yake mwenyewe, Laetitia, akakataliwa. Akaenda Saint-Josse akajiita Moïse, akakataliwa. Akaenda mahali pengine ambapo Maman Rolande bado anapachunguza. Na sasa amerudi palepale Molenbeek, jengo lilelile, ghorofa moja tu juu ya pale alipoanzia, akidhani watu hawana kumbukumbu. Atakuambia pia kwamba alimwona kwa macho yake akishuka metro kituo cha Ribaucourt amevaa masharubu ya bandia. Ukitaka kujua alitambuaje kuwa ni ya bandia, atasema Élisée alikuwa anaelekea kulia na masharubu yalikuwa yanaelekea kushoto.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufika Jumatano wasichana walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa Antwerp.

Ushindi aliyasikia haya yote kwenye ngazi, akiwa na mfuko wa nguo alizotoka kuzifua, na hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, shule aliiacha darasa la sita kule Uvira, na tangu hapo alijifunza mambo yake kwa kutazama watu kimya kimya mpaka wamalize. Lakini safari hii kutazama kulimwuma, kwa sababu msichana wa posa ya mwisho alikuwa yeye.

Basi ukweli wa mambo ulikuwa hivi.

Miaka mitatu nyuma, Tonton Sylvestre, mdogo wake marehemu baba yake Ushindi na ndiye aliyemlea, alisimama kanisani akasema amechoka. Vijana waliokulia Ubelgiji walikuwa wanatuma posa kwa simu. Mmoja alituma na picha ya moyo unaodunda. Tonton akasema tangu leo posa ni barua, barua ni ya mkono, ni ya Kiswahili, na karatasi isiwe na mistari. Kijana asiyeweza kujiandikia barua yake mwenyewe, akasema, hajawa tayari kuwa na nyumba. Kanisa lote lilipiga makofi isipokuwa vijana, ambao wengi wao Kiswahili chao kiliishia kwenye kuomba chakula. Wazee walimsikiliza kwa sababu Tonton alikuwa karani wa shule miaka kumi na tisa, na sheria huwa nzuri zaidi ikitoka kwa karani.

Na desturi yenyewe ina utaratibu wake. Barua inaletwa na wazee wa kijana. Kijana mwenyewe habebi barua wala haonekani. Anabaki nyumbani na wasiwasi wake. Barua inasomwa mbele ya jamaa. Kisha jamaa wanajibu, nao kwa maandishi, siku waliyotaja. Wakikataa, barua inarudishwa ndani ya bahasha yake, na ikirudi hivyo hailetwi tena mlango huo.

Barua ya Élisée ililetwa Jumapili baada ya ibada na mjomba wake, Papa Didas, pamoja na kreti ya Fanta. Maman Rolande alisikia chupa zinagongana ngazini, akapanda nazo. Tantine Régine, mke wa Tonton, ndiye aliyesoma, maana ana sauti ya kusomea. Ilikuwa barua tamu. Ilisema wameona taa inawaka katika nyumba hii, nao wamekuja kwa adabu kuomba moto. Ushindi, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni na kutazama chini kama inavyopasa, alitazama juu kidogo tu. Akaona midomo ya Tonton inacheza. Tantine alipofika kwenye "kuomba," midomo ya Tonton ilikuwa imeshafika kwenye "moto." Ushindi akadhani anaomba Mungu.

Maman Rolande akaomba kuiona barua. Akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Huu mukono naujua," akasema. "Huu mukono uliingiaka mu nyumba yangu."

Akashuka, akarudi na barua ya posa ya Laetitia, ambayo hakuwahi kuirudisha, maana karatasi ikiingia kwake haitoki. Aliikataa mwenyewe miaka miwili iliyopita bila hata kumwona kijana, kwa sababu hakupenda watu wanaokuja kuomba moto, na wakati ule alikuwa bado hajalipa assurance, ile bima ya moto ya nyumba. Wakaweka barua mbili mezani. Taa ileile, moto uleule, mwandiko uleule wa mviringo. Jumatatu akaleta ya tatu, ya yule Moïse, aliyoiazima Saint-Josse kwa mama yake Veronica, msichana aliyeposwa huko; mama huyo naye hakuwa ameirudisha. Ileile. Ni majina tu yaliyokuwa tofauti.

Hapo ndipo Maman Rolande alipopata hadithi yake. Mwandiko mmoja, mwanamume mmoja. Na kwa kuwa desturi inamficha kijana, na wazee wa kubeba barua, alisema, hukodishwa, hakuna aliyeweza kusema kwamba Moïse wa Saint-Josse hakuwa Élisée. Laetitia, aliyehamia Liège, alipigiwa simu mara tatu ili atoe ushahidi, akasema yuko kazini.

Cha ajabu Jumapili ile ni wanaume wawili waliokuwa mezani. Papa Didas alimtazama Tonton kama mtu anayengoja basi lake. Tonton naye akamtazama Papa Didas. Kisha Papa Didas akatazama dari, na Tonton akakohoa.

"Bon," akasema. "Tutajibu samedi, saa kumi. Kama mambo ni hivi, barua itarudi."

Ushindi aliosha glasi zote usiku ule mara mbili. Alimpenda Élisée. Hakuwa amemwambia mtu, lakini mwaka mzima kijana yule alimwekea kiti karibu na joto la radiator kila siku ya mazoezi ya kwaya, na hakuwahi kusema kwamba ni yeye anayekiweka. Mtu wa namna hiyo haposi kila mlango. Hawezi hata kuagiza frites, chipsi za hapa, bila kumwacha kwanza aliye nyuma yake apite. Akamwandikia ujumbe mfupi: nani aliandika barua? Jibu likaja baada ya saa nzima: "Siwezi sema. Nilikula kiapo. Unitumainie." Ushindi akaweka simu kifudifudi. Kumtumaini alimtumaini, lakini Jumamosi ya jibu ilikuwa haimjui Élisée.

Sasa, kila Alhamisi Ushindi alikuwa anafanya usafi Laeken, kwa mzee mmoja anayeitwa Monsieur Wauters. Huyu mzee alikuwa profesa, na hata baada ya kustaafu aliendelea na kazi ileile, ambayo Ushindi alichukua miezi mitano kuielewa. Alikuwa na picha za kurasa za vitabu vya Kigiriki vilivyoandikwa kwa mkono, miaka mia saba, mia tisa, elfu iliyopita, kabla ya mashine. Walioviandika walikuwa wanakili, wengi watawa, na wengi hawakuacha majina. Kazi ya mzee ilikuwa kukaa na lenzi na kusema: ukurasa huu na ule wa maktaba ya nchi nyingine ni mkono mmoja.

Kwa kuwa hawakuwa na majina, aliwapa yeye. Kulikuwa na Mvivu. Kulikuwa na Yule wa Dirishani. Kulikuwa na mmoja aliyemwita Shemeji, na Ushindi hakuwahi kuuliza kisa. Asubuhi mzee aliwasalimu, na wakikosea aliwagombeza, mpaka jirani yake wa chini akadhani amepangisha vyumba.

Na miandiko nayo ilikuwa na majina. Kuna unaoitwa wa lulu, herufi ndogo za mviringo zimening'inia kwenye mstari kama shanga kwenye uzi. Kuna ambao herufi zake kadhaa zimevimba katikati ya nyingine, wataalamu wakauita macho ya mafuta, kama matone yanayoelea juu ya supu. Kuna hata wa shupaza, ile ya karata. Mwanzoni Ushindi alidhani mzee anataja chakula cha mchana.

Alhamisi ile alimaliza jikoni, akakausha mikono, akatoa bahasha ya posa kwenye mkoba. Tantine Régine alikuwa amempa kwa siri na kumwambia irudi kabla Tonton hajatoka kazini. Akauliza kama Monsieur anaweza kutazama kitu kisicho cha Kigiriki.

Mzee akaenda kunawa mikono. Alipoketi, Ushindi akaanza kumwelezea barua inasema nini, naye akainua kidole kumzuia. Kiswahili hakijui, akasema, na hilo ni bahati, maneno humchanganya.

Akatazama. Dakika kumi. Saa ya ukutani ikagonga. Akazitazama na zile nyingine mbili, ambazo Ushindi alikuwa amezipiga picha. Halafu akaanza kucheka polepole, kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni.

"Lulu," akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Angekuwa Mgiriki, ningesema mtawa, karne ya kumi na moja, anakula vizuri, anakaa karibu na dirisha."

Ushindi akamwambia ni mtu wa Molenbeek.

Hilo halikumsumbua mzee. Akamwonyesha. Kwanza, barua zote tatu ni mkono mmoja, hapo hana shaka. Tazama M kubwa: anaianzia chini, anapanda nayo kama mtu anayepanda ngazi, karibu hakuna anayefanya hivyo. Tazama mwisho wa barua: vitone vinne vidogo na mkia. Hilo si pambo. Ni tabia ya mtu wa ofisi, anafunga ukurasa ili mwingine asije akaongeza kitu chini yake. Mtu anaweza kubadilisha herufi zake akitaka kujificha, akasema, lakini hakumbuki kubadilisha pale anapoanzia na pale anapomalizia.

"Kwa hiyo ni mwanamume mmoja," Ushindi akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Mwanamume mmoja aliyeandika," akasema mzee. "Nani alisema ndiye anayeoa? Mnakili anachosha mkono wake kwa maneno ya watu wengine. Kisha tazama hapa."

Akaweka lenzi juu ya jina "Ushindi." Wino ulikuwa mwingine kidogo, wa buluu zaidi. Herufi zilikuwa zimebanwa mwanzoni na kutawanyika mwishoni, maana nafasi ilikuwa kubwa kuliko jina. Na "Élisée" vilevile, ila hapo kalamu ilikandamizwa mpaka ikakata karatasi kidogo. Mkono wa pili, mzee akasema. Wa kwanza aliandika yote na kuacha nafasi. Hata wale watawa walifanya hivyo: mmoja anaandika, anaacha mahali pa herufi nyekundu, mwingine anakuja kujaza. Huyu wa kwanza hakujua majina. Huenda hajui mpaka leo.

"Na huyu wa pili?" Ushindi akauliza.

Mzee akaangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu hana mwandiko wowote," akasema. "Lakini alishikilia pumzi."

Ushindi alirudi Molenbeek kwa metro amebana mkoba kifuani. Nyumbani hakukuwa na mtu. Akaenda kumimina maji, na mlango wa friji ukawa mbele yake, na juu yake imebandikwa orodha ya sokoni ya Tonton Sylvestre. Tonton nyumbani huandika kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayepiga kelele; Ushindi alikuwa ameizoea hata hakuiona tena. VITUNGUU. SABUNI. MAYAI. MAKAYABU. Chini kabisa vitone vinne na mkia, ili Tantine asiongeze jibini.

Akasogea karibu. M ya MAYAI ilikuwa imeanzia chini ikapanda ngazi.

Akaketi kwenye ukingo wa bafu, akafunga mlango. Akakumbuka midomo iliyokuwa inatangulia. Akakumbuka kwamba Papa Didas huja kila mwisho wa mwezi na makayabu, samaki wa chumvi aliyefungwa kwa gazeti, na Tonton humpa bahasha ya kahawia, na wote wawili husema ni mambo ya kamati. Kumbe kamati yenyewe ndiyo hiyo. Mtunga sheria alikuwa amewakataza vijana kutafuta mwandishi, kisha akawa mwandishi wao. Anaandika barua zikiwa tupu, majina wajaze wenyewe, na kila mmoja anakula kiapo. Na sasa moja ya barua zake ilikuwa imezunguka mjini ikarudi kumwomba yeye mwenyewe moto, nyumbani kwake, mbele ya Fanta. Ushindi alicheka mpaka Tantine, aliyerudi wakati huo, akagonga mlango kuuliza kama anaumwa tumbo.

Lakini kicheko kilipoisha, jambo lilibaki palepale. Tonton angeweza kumwokoa Élisée kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingemvua nguo kanisa zima likiwa linatazama. Ushindi hakutaka kumwaibisha. Ijumaa alfajiri, kabla ya kutoka, aliichukua tena barua, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akabandua orodha ya friji akaiweka kando yake, M kwa M, na juu ya zote akaweka kikombe cha Tonton. Hakuandika neno.

Jumamosi saa kumi Tonton Sylvestre alitoka chumbani amevaa suti, na mkono wa kuume umefungwa bandeji kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Ameteleza kwenye ngazi, akasema. Ngazi gani, Tantine akauliza, maana hajatoka tangu jana. Ngazi tu, akasema Tonton.

Papa Didas alifika na Fanta nyingine. Maman Rolande alifika na barua zake mbili, lenzi ya kushonea nguo, na hukumu yake. Akasema hataki maneno mengi. Aitwe huyo kijana, aandike mbele ya watu, desturi itusamehe. Élisée hakuwa mbali. Alikuwa ameketi dirishani mwa duka la kufulia ng'ambo ya barabara tangu saa nane, akitazama mashine isiyo na nguo zake. Akapandishwa. Hakuwa na masharubu ya aina yoyote, na Maman Rolande alimchunguza mdomo wa juu kwa muda.

Akapewa kalamu, akaambiwa aandike: tumeona taa. Akaandika. Karatasi ikapitishwa. Papa Didas akafunga macho. Maman Rolande akaigeuza juu chini ili aone kama inasomeka zaidi upande huo.

"Hii ni mwandiko ao ni ajali?" akauliza.

"Ni mwandiko, maman," akasema Élisée. "Pardon."

Hapo Ushindi akainuka kwenye kiti cha pembeni. Alisema polepole, bila kumtazama Tonton. Akaonyesha majina mawili ndani ya barua, akaonyesha karatasi ya sasa hivi. Mtu aliyejaza majina ni huyu. Aliyeandika mengine ni mwingine, mmoja, na aliziandika zote tatu bila kujua zinakwenda wapi. Vijana watatu, mwandishi mmoja. Hakuna aliyebadilisha jina. Maman Rolande akachukua lenzi, akapinda, akatazama wino wa buluu na wino mweusi kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Alikuwa mwanamke wa haki akishaonyeshwa. Hadithi yake ya wasichana sita ilikuwa inakufa mikononi mwake na aliiacha ife, ila alitaka nyingine badala yake.

"Alors," akasema, "huyu mwingine ni nani?"

Papa Didas akatazama dari. Élisée akatazama viatu. Tonton Sylvestre akasimama, na ukarani wote ukamrudia. Akasema jina la mwandishi si muhimu. Muhimu ni kwamba sheria ya kanisa inajulikana, kijana ajiandikie mwenyewe, na kijana huyu amekiri kwa ajali yake kwamba hakujiandikia. Yeye kama mwenye sheria hana la kufanya. Na kwa mkono wa kushoto akaanza kuikunja barua irudi ndani ya bahasha.

Ushindi aliona kona ya barua inaingia. Aliona uso wa Élisée, ambaye bado alikuwa anakishika kiapo chake.

"Tonton," akasema. "Kama inarudi, irudi na jibu ya kuandika. Njo utaratibu. Wewe njo uliuwekaka."

Tonton akainua bandeji ili kila mtu aione. Akasema kwa huzuni kwamba angependa sana, lakini Mungu ameamua vingine.

Maman Rolande anafanya kazi ya kuuguza wazee mwaka wa kumi na moja sasa. Bandeji iliyofungwa vibaya humuuma kama jiwe kwenye kiatu. Alimkalisha Tonton, akamwambia hivi damu haipiti, utapoteza vidole, tulia papa, na kabla hajajibu akawa ameshafungua mizunguko mitatu. Bandeji ilikuwa ndefu. Ilishuka magotini, ikafika kwenye zulia, ikaizunguka kreti ya Fanta. Chini yake ulitoka mkono mzima, safi, usio na hata mkwaruzo, isipokuwa doa la wino mweusi kwenye kidole cha kati. Maman Rolande akauinua ule mkono, akautazama mbele na nyuma. Akaangalia barua tatu mezani. Akaangalia tena kidole.

Tantine Régine alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa na mabega yake yalikuwa yanacheza.

Ushindi akaleta karatasi nyeupe, isiyo na mistari, akaiweka mbele ya baba yake mdogo. Akaweka kalamu juu yake. Akapiga goti kando ya kiti, kama alivyokuwa akipiga alipokuwa mtoto na anataka ruhusa ya kitu, na akasema kwa sauti ambayo ilimlazimu Maman Rolande kuinama ili aisikie.

"Tonton, nakuomba. Mustari moja tu. Na mukono yako."

Tonton Sylvestre alichukua kalamu. Akatoa kifuniko. Akamtazama Papa Didas, na Papa Didas akatazama dari, ambapo kwa kweli hapakuwa na kitu. Akakirudisha kifuniko. Akakitoa tena, akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, chini, pale ambapo M ya "moto" huanzia kwa mtu anayepanda ngazi, na akabaki hivyo, huku Élisée akiwa amefumba macho kama anapiga besi, na Fanta zikiisha gesi moja moja.